Mwenyeji Wetu Mwenye Masharubu

Kazi niliipata kwa sababu nilisema nimezaliwa mlimani. Madam aliniuliza kwenye usaili kama nimewahi kuona theluji, nikamjibu naiona tangu nizaliwe. Sikumdanganya. Kwetu Moshi ukitoka nje asubuhi na mswaki wako mdomoni, theluji iko kule juu inakuangalia. Ni kama tajiri wa mtaani: sura unaijua, ndani kwake hujawahi kuingia. Hiyo nusu ya pili sikuisema. Hakuniuliza.

Ofisi yetu iko Dubai, karibu na Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, vyumba viwili juu ya ghala la vipuri vya friji. Tunauza likizo za baridi. Watu waliokaa Dubai muda mrefu wanapenda baridi kama watu wa kwetu wanavyopenda harusi ya mtu mwingine: wanataka kuwepo, kula, kupiga picha na kuondoka. Mwenye kampuni, arbab, anapita mara moja kwa mwezi, anasema mashallah, anaondoka. Madam ndiye kila kitu. Ni Mbulgaria, mama wa makamo, anavaa sweta ofisini kwa ajili ya AC, na kati ya miji yote tunayouza, mmoja anauongelea kama mtu anayemwongelea mtoto wake wa mwisho. Ndiko alikozaliwa.

Mteja akiuliza Bulgaria ni wapi nilifundishwa kujibu: "Ulaya, lakini ile isiyo na mikogo."

Mji wenyewe ni mdogo, uko milimani. Madam alipokuwa mtoto ulikuwa na barabara moja ya mawe, kiwanda cha mbao na ng'ombe. Jioni ng'ombe walishuka malishoni peke yao, na kila mmoja alikata kona kwenye geti lake bila kuambiwa. Mpaka leo wanashuka, ila sasa wanapita katikati ya hoteli, watalii wamesimama pande zote wanawarekodi. Madam anaapa kuna ng'ombe mmoja wa jirani ambaye hatembei mpaka apigwe picha kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni lifti ya kamba, vile vibanda vinavyoning'inia kupandisha watu juu mlimani. Ilipofika tu, kila mtu akabadilisha kazi. Seremala akawa mwalimu wa kuteleza kwenye theluji. Mwalimu wa hesabu akafungua duka la kukodisha viatu vya kutelezea. Chemchemi ya maji moto, ambako kina mama walikuwa wakifulia mazulia, sasa ina ukuta, mlango wa kioo na muziki wa filimbi, na mama yake Madam akitaka kuingia humo lazima kwanza avalishwe kandambili nyeupe. Ghorofa zikaota kila upande. Nyingine ziliishia katikati, nondo zimechomoza juu, kunguru wamehamia.

Nilimwambia Madam kwamba huo mji mimi naujua. Kwetu nina mjomba ambaye mlimani hajawahi kuvuka geti la hifadhi, aliamka asubuhi moja akiwa mwongoza watalii, na buti za kuazima. Madam alicheka, na nadhani ni siku hiyo aliponiamini akanieleza habari ya nyumba.

Mama yake bado anaishi kwenye nyumba ya zamani, chini mawe, juu mbao, vyumba sita mbali na anacholala yeye. Kulia ni hoteli, kushoto ni hoteli. Mwenye hoteli ya kushoto anataka hicho kiwanja aegeshe mabasi. Kaka yake Madam, anayeishi mji mkuu, anataka mama asaini yaishe. Mama hataki. Wakabishana majira yote ya joto, mwisho wakakubaliana hivi: vyumba vigeuzwe vya wageni, na nyumba ikijaa wiki ya mwaka mpya, mama anabaki na hakuna atakayemsumbua tena. Isipojaa, mwezi wa tatu anasaini, anahamia ghorofani kwa mwanawe, kwenye mji ambao hamjui hata muuza mkate.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Vyumba vyote sita vilikuwa vitupu.

Nilikasirika kwa niaba ya huyo mama ambaye sijawahi kumwona. Na mimi nikikasirika nafanya kazi haraka, na nikifanya kazi haraka siulizi maswali.

"Wewe una Kiswahili," Madam aliniambia ilipofika Alhamisi. "Andika kitu kizuri. Wapelekee watu wako."

Watu wangu. Madam anaamini kila anayeongea Kiswahili Dubai ni ndugu yangu. Akanihamishia picha karibu mia mbili alizopiga mwenyewe aliporudi nyumbani mara ya mwisho, akasema anataka kitabu cha kurasa sita kwenye simu, Jumatatu asubuhi, yalla.

Nilizipitia hizo picha wikiendi nzima. Barabara za mawe, balkoni za mbao zenye maua, supu, theluji. Na karatasi. Karibu kila mlango ulikuwa na karatasi imebandikwa, na kwenye karatasi kuna picha ya mtu. Mzee, mama mzee, mzee mwingine. Zilikuwa milangoni, kwenye miti, kwenye nguzo za umeme. Karibu na stendi ya basi kulikuwa na ubao mzima umejaa sura.

Naishi mtaa wa Karama, chumba kimoja na wenzangu wawili: Mkenya anayefanya ulinzi kwenye jumba la maduka, na Mganda anayefanya usafi wa vyumba hotelini. Jumapili mchana tulikuwa tunapika, nikawaonyesha.

"Hizo ni posta za kampeni," Mkenya akasema hata kabla hajaishika simu. "Wacha nione. Eeh. Huyu anataka kuwa MCA, diwani wa kaunti."

"Mbona wote wazee?"

"Sasa hiyo ni shida gani? Kwani kwenu wanaogombea ni watoto?"

Akasogeza picha mpaka mlango mmoja wa mbao ambao niliutambua, kwa sababu picha ya nyumba hiyo iko mezani kwa Madam. Hapo mlangoni alikuwa mzee mwenye masharubu manene yaliyopinda juu kidogo.

"Huyu ndiye atachukua kiti," akasema. "Ona masharubu. Hayo ni ya serikali."

Mganda alikuwa anakatakata vitunguu. Akaja, akaangalia kwa jicho moja, lingine linatoka machozi. "Kampeni gani ya kubandika kwa mlango wa mtu na mtu anaacha tu? Kwetu wangekuwa wamechana. Na mbona kila mlango na mtu wake?"

Hapo ndipo akili yangu iliposhika moto. Kila mlango na mtu wake. Basi ni wenye nyumba. Mji mzima umekuwa wa wageni, kila nyumba inapangisha, na mwenye nyumba anaweka sura yake mlangoni ili mgeni ajue anaingia kwa nani. Na ule ubao wa stendi ni orodha, ushuke kwenye basi uchague. Niliona ni ustaarabu wa hali ya juu. Nikafikiria mjomba wangu na buti zake, nikasema kweli wenzetu wametuacha mbali.

"Ungeuliza madam wako," Mganda akasema.

"Jumapili hapokei simu."

"Si kesho mnaonana?"

"Kesho ndiyo anaitaka imeisha."

"Haya. Wewe ndio umesoma."

Nilimaliza kidato cha nne tu, lakini siku hiyo nilijisikia profesa. Nikakata sura kumi na nne, nikazipanga kwenye ukurasa wa nne, juu nikaandika kwa herufi kubwa: WENYEJI WETU. Na chini ya kila mmoja nikaweka sentensi, kwa kuwasoma sura. Mama mnene mwenye kilemba: "Mapishi yake hayasahauliki." Bwana mwenye shingo pana: "Mchangamfu, anapenda watoto." Mzee mwenye macho ya kusinzia: "Nyumba yake ni tulivu kabisa." Na mwenye masharubu, kwa kuwa ndiye wa nyumba tuliyotaka ijae, nikampa iliyo bora: "Anapenda wageni kuliko kitu chochote. Atakusubiri mlangoni."

Jumatatu Madam alikuwa anatoka kwenda kumpokea mteja uwanjani. Aliona jalada tu, mlima na mwezi juu yake, akasema nzuri sana, tuma. Nikatuma. Kwenye grupu la kina mama wa Kizanzibari, la Watanzania, la kanisa la Wakenya, kote.

Kabla ya adhuhuri nikapigiwa simu kutoka Rashidiya, mtaa wa hapa hapa Dubai.

Ilikuwa familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai tangu hizi ghorofa ndefu hazijawa hata michoro. Aliyepiga alikuwa binti wa kati, anafanya kazi benki, sauti ya mtu aliyechoka kubishana. "Njoo umwone mama," akasema. "Anataka theluji kabla magoti hayajakataa, na anataka kuongea na mtu, si mashine."

Nilimkuta bibi ameketi sebuleni, mguu mmoja juu ya mto, miwani puani, kitabu changu amekifungua kwenye tableti ya mjukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndo mtoto wa theluji? Kaa. Mpeni kahawa." Akagusa ukurasa wa nne kwa ukucha. "Haya mambo nani kayapanga?"

"Mimi, bibi."

"Umefanya la maana. Matangazo mie nimeletewa mengi. Picha ya kitanda, picha ya bwawa, picha ya mayai. Mayai mie nayajua. Hata mmoja hakunionyesha mwenye nyumba. Hawa watu wana adabu."

"Kashachagua," binti yake akaniambia. "Kamchagua huyu kwa ajili ya masharubu."

"Kwa macho. Masharubu nimeyaona baadaye."

"Mama, mwanamume humjui."

"Na mie na magoti haya, ataniiba anipeleke wapi?" Akanigeukia. "Ila mwanangu, sikiliza. Mie silali nyumba ya mtu sijamwamkia mwenyewe. Marehemu babu yao alikuwa hivyo hivyo, hatukuingia kwa mtu kama mwizi. Mnipigie simu ya picha. Nimwone, anione, ajue naja na watu wangapi na kwamba nguruwe hatuli. Akinijibu kwa uso mzuri, tunakwenda sote. Kumi na mmoja."

Kumi na mmoja. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza: vyumba sita, watu kumi na mmoja, wiki ya mwaka mpya. Nyumba imejaa na chumba kimoja mtu analala peke yake kama mfalme. Nikasema inshallah bibi, kesho. Kwenye treni kurudi ofisini nilishindwa kutulia kwa furaha, nikashuka kituo kimoja kabla, nikatembea juani kama mwehu.

"Madam," nikamwambia, "nyumba imejaa."

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Wana sharti moja dogo. Wanataka kumsalimia mwenyeji kwa video."

"Mama yangu atafurahi sana."

"Siyo mama. Yule mzee. Mwenye masharubu."

"Mzee gani?"

Nikampa simu, ukurasa wa nne. Akaisogeza simu karibu na macho. Nilidhani anasoma.

"Huyu ni baba yangu," akasema.

"Ndiyo maana yuko kwenye mlango wenu. Basi rahisi."

"Alifariki miaka sita iliyopita."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Kwao mtu akifa wanachapa karatasi yenye picha yake, wanaibandika mlangoni kwake, na sehemu nyingine ambazo watu wanapita. Ndivyo jirani wanavyopata habari. Na mwaka ukitimia wanabandika mpya, na mwaka unaofuata tena, ili asisahauliwe. Kisha akaikuza ile picha yangu kwa vidole viwili. Pembeni mpaka mweusi. Juu msalaba. Chini ya jina, miaka miwili na mstari katikati. Mtu yeyote aliyewahi kwenda mazishini Moshi anajua maana ya miaka miwili na mstari katikati. Mimi picha sikuikuza. Nilikuwa na haraka.

"Wote kumi na nne?" nikauliza.

"Wote."

Nikatafuta pa kujificha, ofisi yenyewe vyumba viwili.

"Umeandika nini chini ya baba?"

Nikamtafsiria. Anapenda wageni kuliko kitu chochote. Atakusubiri mlangoni.

Madam akafumba macho. "Na huyu?" Ni bwana mwenye shingo pana.

"Mchangamfu, anapenda watoto."

"Alikuwa mchinjaji. Alitukimbiza na shoka mpaka mtoni. Na huyu mama?"

"Mapishi yake hayasahauliki."

"Hiyo ni kweli. Baada ya harusi ya mwanawe watu walilazwa hospitali. Huyu?"

"Nyumba yake ni tulivu kabisa."

Hapo Madam aliinamisha kichwa mezani na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua ni kilio au kicheko. Nikamletea tishu, maana zinafaa kote kote. Alipoinua uso ilikuwa vyote viwili.

"Kaka alipiga asubuhi," akasema akijifuta. "Yule wa mabasi ameshaandaa karatasi. Watu wangapi ulisema?"

"Kumi na mmoja."

Nilikuwa nimeshafikiria cha kufanya, kwa sababu akili yangu haisubiri. "Kaka yako anafanana na mzee? Tukimwekea masharubu, dakika mbili tu, asalimie, halafu tuseme mtandao umekatika."

Madam alitupa tishu kwenye ndoo. "Kaka yangu ndiye anayetaka nyumba iuzwe."

"Basi mjomba."

"Khalas. Hakuna mjomba. Nitakwenda mwenyewe nimwambie."

"Ataghairi."

"Ataghairi akiwa anajua ukweli."

Usiku ule wenzangu niliwaambia. Mkenya alicheka mpaka akatoka nje ya chumba. Mganda hakucheka, alisema tu, "Si nilikwambia uulize," akarudi kupiga pasi sare yake, na hiyo iliniuma zaidi.

Kesho yake tulikwenda Rashidiya. Madam alivua viatu mlangoni, amevaa soksi za sufu, Dubai, na mkononi ana boksi la halua alilonunua njiani. Nikamwamkia bibi kwa sauti ndogo. Madam akaongea Kiingereza, mimi nikatafsiri. Nilitafsiri mbio mbio ili yapite haraka, bibi akaniambia nirudie taratibu, kwa hiyo aibu yangu nilijitangazia mara mbili.

Binti wa benki alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Bibi alivua miwani.

"Kwa hivyo mie nimechagua maiti."

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe umeniandikia kwamba atanisubiri mlangoni."

"Ndiyo, bibi."

"Astaghfirullah."

Akaivaa tena miwani, akaiangalia ile sura ya masharubu kwa muda mrefu. Madam alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nikaanza kujipangia jinsi ya kumwambia mama asiyenijua kwamba nyumba yake imechukuliwa na mabasi kwa sababu mtoto wa Moshi hakukuza picha.

"Hizi karatasi," bibi akasema, "wanabandika lini na lini?"

Nikauliza. Madam akajibu: siku mtu anapokufa, kisha arobaini ikifika, kisha nusu mwaka, kisha kila mwaka.

"Arobaini?"

"Arobaini, bibi."

"Muulize tena. Siku arobaini hasa, au wewe umeiongeza kama ulivyoongeza mengine?"

Nikamuuliza tena. Madam akaonyesha vidole vinne, halafu akafunga ngumi kwa ajili ya sifuri. Akasema siku hiyo wanachemsha ngano, wanatia sukari, wanawaita majirani wote wale, wamkumbuke.

Bibi akamgeukia binti yake. "Unasikia? Wanafanya arobaini. Na wanapika. Miaka yote nyie mnanambia Wazungu wakishazika wanakwenda kunywa kahawa." Akasogeza mguu juu ya mto. "Mie baba yenu hata picha yake ya pasi sijui mmeitia wapi."

"Iko kwenye droo, mama."

"Kwenye droo. Mwenzake yuko mlangoni."

Kahawa ikaletwa.

"Sasa," bibi akasema, "mwenye nyumba aliye hai ni nani?"

"Mama yangu," Madam akasema, na hilo alilielewa hata kabla sijatafsiri.

"Basi nilikosea mtu wa kumwamkia. Mpigie."

Simu ilipokelewa na dari. Halafu likaja sikio, kubwa, lenye kipuli. Bibi naye, kwa kuwa simu ni simu, akaichukua ya Madam akaiweka sikioni. Kwa dakika nzima sikio la Rashidiya lilikuwa linaangaliana na sikio la Bulgaria, na wote wawili wanasema halo. Binti wa benki alimgeuzia mama yake simu, Madam akampigia kelele mama yake kwa Kibulgaria, na mwishowe zikatokea nyuso mbili: kitambaa kichwani hapa, kitambaa kichwani kule. Wakaangaliana kama watu waliokutana kwenye foleni ya kliniki.

Mazungumzo yalipita njia ndefu. Bibi kwa Kiswahili, mimi kwa Kiingereza, Madam kwa Kibulgaria, kisha yanarudi. Bibi alisema nguruwe hatuli. Mama akasema kwake haingii tangu mzee afariki, na sufuria atanunua mpya. Bibi akasema asinunue, atakuja na sufuria zake. Mama akakasirika. Mgeni gani anabeba sufuria kwenye ndege, mtaa utasemaje. Bibi akasema yeye si mgeni wa kuhangaisha watu. Wakabishana hivyo kwa muda mrefu kupitia vinywa vyetu wawili, mimi nalaumiwa upande huu na Madam upande ule, mpaka wakapatana: sufuria za kule, mchele wa huku.

Halafu mama akauliza kitu, Madam akasita.

"Anauliza mmejuaje nyumba yake kati ya hoteli zote," akaniambia.

"Mwambie," bibi akasema nilipomtafsiria. "Tumeshakubaliana kusema kweli."

Madam akamwambia. Ilichukua muda. Kule tukaona dari tena, kisha paji la uso. Kisha mama akasema sentensi moja fupi, na Madam akacheka kwa sauti ambayo ofisini sijawahi kuisikia.

"Anasema hata alipokuwa hai wanawake walikuwa wanamchagua."

"Mwambie sina nia mbaya," bibi akasema.

"Anasema anajua, na kwamba mngekuja mapema kidogo angewaachia mzee kwa wiki nzima."

Walipoanza kuonyeshana birika na jiko, sikuhitajika tena. Nikala halua. Kabla ya kukata, bibi aliuliza tarehe aliyofariki mzee ni lini. Ilikuwa siku tatu baada ya mwaka mpya, katikati ya wiki yao.

"Basi karatasi ya mwaka huu asibandike mpaka tufike," akasema. "Hatuwezi kuwepo ndani na jambo lifanyike kama hatupo."

Wakaenda, kumi na mmoja, makoti kama magodoro. Mimi nilibaki, pasi yangu na Ulaya bado hawajazoeana. Ukurasa wa nne niliufuta, lakini uliokwisha kutumwa umekwisha kutumwa. Mpaka leo kuna baba mmoja wa Sharjah ananipigia akitaka chumba kwa yule bwana mchangamfu anayependa watoto. Namwambia amejaa.

Kaka yake Madam alisafiri kutoka mji mkuu siku ya mwaka mpya, kwenda kuona kwa macho yake kama ni kweli. Alikuta ni kweli. Hata pa kulala hakupata, akatandikiwa jikoni karibu na jiko, na asubuhi bibi akamwamsha akitaka kupika uji. Mwezi wa tatu ulipofika hakuna aliyetaja kusaini. Mabasi yanaegesha kwingine, sijui wapi, na sitaki kuuliza.

Siku tatu baada ya mwaka mpya nilipata picha kwenye simu, niko ofisini. Mlango wa mbao, theluji mpaka kwenye ngazi, na karatasi mpya yenye masharubu yale yale. Kushoto kwake amesimama mama, kulia amesimama bibi, wote wawili wamekunja uso kwa mwanga. Chini ya picha ulikuwa ujumbe wa sauti. Niliusikiliza na Madam, simu katikati ya meza, tumeinama kama watu wanaosikiliza mpira.

"Mwanangu," bibi alisema, na nyuma yake mtu alikuwa anagonga sufuria, "nimemwamkia. Walikuwa wamembandika upande, nikawaambia wambandue wamuweke sawa. Theluji nimeiona. Haina kitu. Mwambie Madam mwakani tutakuja kumi na watatu, wengine watalala jikoni."